Baba kaacha madaftari ya maisha yake ya uigizaji, prodyuza anataka haki zote kwa laki nane: nifanyeje?

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Temeke, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mama. Baba yangu alikuwa mwigizaji, alianzia michezo ya redio RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) miaka ya sabini, akaja jukwaani, mwishoni mwishoni akacheza na zile video za Kariakoo. Alifariki 2021. Katuachia madaftari manne ya kaunta kaandika kwa mkono maisha yake yote ya sanaa. Kampuni moja inasema itachapa kitabu nikilipa milioni sita. Alafu kuna prodyuza kaona nilichopost, anataka kufanya series, atanipa laki nane nisaini haki zote, na anataka jibu wiki hii. Tuko watoto watano kwa mama wawili, kaka mkubwa yuko Muscat. Nianze na kitabu au filamu, na hawa watu niwajibuje?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana, najua miaka imepita ila mzazi hazoeleki. Zile kurasa mbili ulizonitumia picha zake nimezisoma na kuzirudia, ntazizungumzia huko chini maana ndo zimenifanya nikujibu kwa urefu hivi.

Kwanza tulia. Hamna mkataba wa sanaa unaooza kwa kukaa wiki tatu. Anayeitaka kweli kazi ya mzee leo ataitaka na mwezi ujao, na anayekwambia saini wiki hii la sivyo naacha mara nyingi anachoogopa ni wewe kwenda kumuonyesha mtu huo mkataba. Kwaiyo usisaini, usipokee hata elfu hamsini ya nauli, na usimtumie picha za kurasa zingine. Ile milioni sita nayo usiitoe. Kwa maoni yangu unaanza na kitabu, filamu inafuata, na haki ya filamu haiuzwi moja kwa moja, unampa mtu kwa muda na kwa masharti, akishindwa inarudi nyumbani.

Sasa nieleze kwanini. Watu wengi wanadhani ukishakuwa na madaftari basi una kila kitu, au kinyume chake, kwamba ukiyatoa umeshapoteza kila kitu. Sio hivyo. Daftari ni mali kama kiti cha mzee. Hakimiliki ya maneno yaliyomo ndani ni mali nyingine kabisa, na ndani ya hiyo hakimiliki kuna haki nyingi zinazoweza kutoka moja moja: ya kuchapa kitabu kwa Kiswahili, ya kukitafsiri, ya kukisoma kwa sauti na kuuza hiyo sauti, ya kukifanya mchezo wa jukwaani, ya kukifanya filamu, ya kukifanya series. Prodyuza wako anataka zote kwa laki nane. Hata angekuwa mtu mwema kiasi gani hizo za kitabu na sauti hazihitaji, hana mtambo wa kuchapa wala duka la vitabu.

Kwa sheria yetu ya Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, maana yake kazi ya baba yako ni yenu mpaka 2071, wajukuu zake watazeeka nayo. Ulinzi huo unaanza pale pale mtu anapoandika, hauhitaji muhuri wa mtu yeyote. Lakini mimi siku zote nawaambia watu waende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wakasajili, kwa sababu siku mkigombana na mtu mahakamani cheti chenye tarehe kinakupunguzia maneno mengi sana. (Wasomaji wa Zanzibar, ofisi yenu ni COSOZA, na wa Kenya ni KECOBO, muda wa ulinzi Kenya nako ni miaka 50 baada ya kifo.)

Ila kabla ya COSOTA kuna jambo ambalo halikwepeki na ndo linaloua kazi nyingi za marehemu kuliko hata mikataba mibaya: nani ana mamlaka ya kusaini? Wewe umeyakuta madaftari, umeyatunza, unayapenda, hayo yote kweli, lakini kisheria huwezi kusaini kwa niaba ya urithi wa watu watano mpaka awepo msimamizi wa mirathi. Mchapishaji makini atakuuliza hilo swali siku ya kwanza, na chaneli ya tivii ikifika hatua ya kulipa wanasheria wake wataliuliza pia, na kama jibu hamna kazi inasimama hapo hapo. Kwaiyo mkae kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mumpendekeze mtu, mwende na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo mkafungue shauri la mirathi. Kama familia mnafuata mirathi ya Kiislamu au ya kimila mahakama hiyo inatosha, nyingine zinaanzia mahakama za juu. Kama mirathi ilishafungwa zamani na madaftari hayakutajwa, msimamizi yule yule arudi mahakamani aeleze kuna mali imeonekana. Kaka yenu wa Muscat si lazima apande ndege, anaweza kuandika ridhaa yake ikathibitishwa ubalozini pale pale.

Na wale watoto wa mama mwingine msiwaache nje, nakuomba sana. Najua kwenye familia zetu hili ni zito. Lakini mtoto aliyeachwa nje ndo huyo huyo anayekuja kusimamisha uzinduzi wa kitabu kwa barua ya wakili, na zaidi ya yote ni baba yao pia, wana picha zake na stori zake ambazo wewe huna. Andikeni karatasi moja ya makubaliano: hela ikipatikana inagawanywaje, nani anaamua kuhusu uhariri, na nini kifanyike mkitofautiana. Ukurasa mmoja unatosha, wote wasaini.

Wakati hayo yanaendelea piga picha kila ukurasa wa madaftari, ukurasa mmoja mmoja, mwanga wa dirishani, hata simu ya kawaida inatosha. Weka nakala Google Drive, nyingine kwenye flashi, nyingine kwa ndugu mwingine. Wino wa kalamu za zamani unafifia na panya hawajui hakimiliki. Alafu mtafute mtu achape kwenye kompyuta kama ilivyo, neno kwa neno, hata pale mzee kakosea, hata pale kachanganya Kiswahili na Kidigo au Kizigua. Faili hilo liitwe asili na lisiguswe tena. Uhariri unafanyika kwenye nakala yake. Nasisitiza kwa sababu vijana wengi wanaochapa wana mkono wa kusahihisha, mzee kaandika "tukala hewa" yeye anaandika "tulisafiri kwa shida", na hapo ndo sauti ya mtu inapokufa.

Sasa zile kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza unaanza na kuzaliwa kwake, kijiji, ukoo, shule, majina ya walimu. Ni sawa, kila mtu anaanza hivyo, na kila mhariri akipokea muswada wa hivyo anafika ukurasa wa nne anaweka pembeni. Ukurasa wa pili ndo umenitoa machozi. Pale anapoeleza studio ya Pugu Road, wote wamezunguka maikrofoni moja, mvua ni mchele unaotikiswa kwenye ungo, ukitaka usikike unatoka mbali unarudi nyuma hatua tatu huku unaongea, na karatasi za skripti haziruhusiwi kufunuliwa maana zitasikika hewani, kwaiyo ukimaliza ukurasa unauachia udondoke wenyewe taratibu kwenye zulia, mchezo ukiisha sakafu yote imejaa karatasi na kuna kijana kazi yake ni kuziokota na kuzipanga upya. Mwanangu, hicho ni kitabu. Hayo hayapo popote. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, miaka yote ile mwigizaji wa redio alikuwa sauti tu, nchi nzima inamjua na akipita sokoni Kariakoo hamna anayegeuka. Tulikuwa na michezo kama Pwagu na Pwaguzi watu wanasimamisha kazi kuisikiliza, na waliokuwa ndani ya zile studio wanaisha mmoja mmoja bila kuandika. Baba yako kaandika.

Kwaiyo kitabu kianzie hapo studio, kuzaliwa kwake kuje baadaye. Usimlipe mtu akiandike upya chote, mtafute mhariri wa kupanga. Kazi yake itakuwa kuchagua (madaftari manne yatakuwa na marudio mengi), kuweka mfuatano, kuongeza maelezo mafupi pale msomaji wa leo hatajua kitu, na kukuletea maswali ambayo mtamuuliza mwenzake mzee yeyote aliye hai. Hiyo nayo ifanyeni mapema, mkamtembelee na simu ya kurekodi, wazee hawasubiri.

Kuna kurasa ambazo utalazimika kuzikata au kubadili majina. Kama kataja ugonjwa wa mtu, mtoto wa nje, nani kamhonga nani kupata nafasi, na huyo mtu yu hai au watoto wake wapo, shirikisha wakili asome kabla. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kuna kesi za kashfa, na hata pasipo sheria kuna heshima tu. Mwigizaji mwenzake aliyemwamini siri miaka ya sabini hakujua kama itakuja kuwa kitabu. Kuhusu picha, kuwa nayo albamu hakukupi haki ya kuichapa, haki ni ya aliyepiga, kwaiyo za magazetini uliza wenye magazeti, na Idara ya Habari MAELEZO wana hazina kubwa ya picha za zamani ambayo nakushauri uende ukaulize hata kama huna jina la tukio. Sauti za mzee zilizobaki ziko kwenye maktaba ya TBC waliorithi ya RTD, hizo pia zinaombewa kibali.

Tuje kwa wachapishaji. Ukweli ambao wengi hawausemi ni kwamba soko la vitabu Tanzania limesimama kwenye shule. Tangu serikali ilipoyarudisha mambo ya vitabu vya kiada kwa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) miaka ya 2013 na 2014 hivi, wachapishaji binafsi wengi walitikisika, hela iliyokuwa inabeba vitabu vya aina nyingine ikapungua. Kwaiyo mhariri akikwambia hapana, mara nyingi muswada kaupenda, ila akipiga hesabu haoni nani atanunua nakala 1,000. Kumbukumbu za wanasiasa zinatoka kwa sababu taasisi zinanunua kwa wingi. Kazi yako ni kumuonyesha kwamba na za mwigizaji zina wanunuzi.

Na wapo. Chuo cha Sanaa pale Bagamoyo, TaSUBa, kinafundisha uigizaji na kila mwaka kina tamasha ambalo ndo mahali pazuri pa kuzindulia kitabu kama hiki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho. Kuna maktaba za mikoa, kuna wastaafu wa redio, kuna Waswahili wa ughaibuni ambao sauti ya RTD kwao ni utoto wao. Ukimwandikia mchapishaji ukamwambia "mkuu wa idara fulani ameahidi kwa maandishi kuchukua nakala kadhaa" barua yako inasomwa tofauti kabisa.

Nani wa kumwandikia? Ningeanza na Mkuki na Nyota wa Dar, nyumba aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991, hawa wana historia ya kumbukumbu za maisha (za Rais Mkapa za 2019 ni zao) na ya fasihi ya Kiswahili. E&D Vision nao wa Dar ni wa kujaribu. Kenya kuna East African Educational Publishers na Longhorn wanaochapa Kiswahili, ila kumbukumbu za watu wazima huko zinatoka zaidi kwa Kiingereza kwaiyo jiandae kwa jibu la hapana. Usitume madaftari wala faili zima. Unatuma barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa kurasa mbili, orodha ya sura, na sura tatu zilizohaririwa vizuri, ya studio ikiwa ya kwanza. Kwenye barua waambie kwamba wasifu wa msanii kwa Kiswahili una mizizi, Shaaban Robert aliandika wa Siti binti Saad tangu 1958 na bado unasomwa, alafu useme hiki cha baba kinaongeza nini: msanii mwenyewe anajieleza. Majibu huchukua miezi mitatu mpaka sita, kumbusha mara moja kwa upole, usipige simu kila wiki.

Mkataba wa kitabu wa kawaida: wao wanalipa gharama zote, nyinyi mnapata mrabaha, yaani fungu la mauzo, kwa huku kwetu mara nyingi asilimia 10 au juu kidogo. Uliza asilimia 10 ya nini, ya bei ya dukani au ya hela iliyoingia kwao, tofauti ni kubwa. Haki wapeni ya kitabu kwa Kiswahili tu, na muandike kwamba kikiisha sokoni na hawachapi tena kwa muda fulani, mfano miaka miwili, haki inarudi kwenu. Kama wanataka kusimamia na haki za filamu sio dhambi, wachapishaji wengine wanafanya hivyo vizuri, ila muandike asilimia na kwamba hamna kitu kinasainiwa bila msimamizi wa mirathi kukubali.

Kuhusu tuzo, ile ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na kumbukumbu za maisha zimewahi kuwa moja ya nyanja zake. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma, hasa kwa mwandishi aliyefariki. Tuzo ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na TET ni nzuri sana ila ni ya kazi za kubuni, usitume huko.

Ile milioni sita sasa. Kulipia kitabu chako mwenyewe sio aibu, familia nyingi zinafanya hivyo na vitabu vinatoka vizuri. Tatizo ni kulipa bila kujua unanunua nini. Waambie wakuandikie mchanganuo: uhariri kiasi gani na nani anafanya, upangaji wa kurasa, jalada, nakala ngapi, karatasi ya gramu ngapi, nakala zikitoka zinakaa kwa nani, na mauzo yanakwendaje. Kama katika mchanganuo wametaja ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, kama gharama kubwa ujue wanakudanganya, ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba pale Maktaba Kuu, Bibi Titi, na unaweza kuomba mwenyewe. Kama umelipa wewe kila kitu, hakimiliki inabaki yenu yote na nakala zote ni zenu, wao ni mafundi tu. Kampuni inayotaka ulipe gharama zote na pia iwe na haki juu ya kazi, achana nayo. Na kama wachapishaji wote watakataa, tafuta mhariri wa kujitegemea, lipa uhariri na jalada vizuri, alafu chapa nakala 100 au 200 kwa mashine za dijito, ukiuza hizo unachapa zingine. Usikope kwa ajili ya nakala 2,000 zitakazolala sebuleni.

Na kwa mwigizaji wa redio kuna njia ambayo binafsi ningeipenda hata kuliko tivii, nayo ni sauti. Kitabu kisomwe, na sehemu za michezo ziigizwe na wenzake waliobaki au vijana wa Bagamoyo, na mchele uwe kweli kwenye ungo. Gharama yake ni ndogo, ni kazi aliyoijua mzee, na inabaki kuwa haki yenu ya kutoa redioni au kuuza mtandaoni. Ndo maana nakwambia haki ya sauti isiingie kwenye mkataba wa prodyuza kwa namna yoyote.

Haya, filamu. Kwanini nasema kitabu kwanza? Kwa sababu muswada wa mkono, hata kama sheria inaulinda, watu wanauchukulia kama wazo tu, na wazo linabebwa kirahisi. Kitabu kina tarehe, kina namba, kina jina la baba kwenye jalada, mtu akiiba unamnyooshea kidole. Na pia dairekta akisoma kitabu anaona filamu, akisoma daftari anaona kazi ya kuchapa. Angalia Vuta N'kuvute: riwaya ya Adam Shafi ilitoka 1999, filamu ya Amil Shivji ikaonyeshwa tamasha la Toronto 2021. Miaka 22. Sikutishi, nataka uone kwamba kitabu kilisubiri na hakikuoza, kilikuwa kinasomwa, kizazi kizima cha wanafunzi kikakijua, na dairekta alipokuja kulikuwa na kitu cha kushika.

Jingine ni gharama. Stori ya Dar ya miaka ya sabini kwa series maana yake magari ya wakati ule, mabasi, nguo, majengo ambayo mengi yameshabomolewa. Vuta N'kuvute ilikuwa na Mji Mkongwe, ukuta upo vile vile, sisi Dar ya zamani hatunayo tena. Prodyuza anayesema atafanya series ya RTD bila kukuonyesha bajeti, ama atahamisha stori iwe ya leo ama hatafanya kabisa. Dokumentari inawezekana zaidi. Bi Kidude alitengenezewa moja iliyotoka 2006 ikazunguka dunia, na walichohitaji ni yeye, sauti yake, watu wanaomjua na subira. Baba yenu hayupo lakini maandishi yapo, sauti TBC huenda zipo, wenzake wapo, na Zanzibar kuna tamasha la filamu la ZIFF kila mwaka inapokea kazi za namna hiyo.

Usipoteze muda kuwaandikia Netflix, hawapokei wazo la mtu ambaye hajapita kwa wakala au kampuni wanayofanya nayo kazi. Ile Binti ya 2021, ya kwanza ya Tanzania kufika kule, ilikuwa filamu iliyokamilika yenye kampuni nyuma yake. Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo ya DStv nao hawanunui muswada, wananunua kipindi kutoka kwa prodyuza. Kwaiyo prodyuza unamhitaji kweli, sio adui, swali ni yupi. Huyu wako muulize kazi tatu alizomaliza na zilionyeshwa wapi, muombe namba za waandishi wake wawili uwapigie uwaulize kama walilipwa, na uliza Bodi ya Filamu kama wanamjua, maana kwa Sheria Na. 4 ya 1976 hawezi kushuti bila kibali chao na hiyo skripti lazima iwafikie.

Nimesoma picha ya mkataba wake. Kuna sentensi inasema mmiliki "anakabidhi haki zote za sasa na za baadaye, kwa njia zote zilizopo na zitakazogunduliwa, dunia nzima, milele". Hiyo ni ile ile waliyokuwa wanasainishwa waigizaji na waandishi wa video za Kariakoo, unauza master (nakala mama) na kila kitu mara moja, hela unaila mwezi mmoja na filamu inauzwa miaka kumi. Mwaka 2018 habari za mikataba ya marehemu Mzee Majuto, yule mchekeshaji, zilifika mpaka kwa waziri, nchi nzima ikaongea, na bado karatasi hizi zinazunguka.

Mkataba unaotakiwa ni wa hatua mbili. Ya kwanza inaitwa opsheni: anakulipa kiasi kidogo, na nyinyi mnaahidi kwa miezi 12 hamtampa mtu mwingine haki ya kufanya series, ili yeye aandike skripti na kutafuta hela. Anaweza kuongeza mara moja kwa malipo mapya. Ya pili ni ununuzi wenyewe, analipa siku anapoanza kushuti au kabla, sio baada ya kuonyeshwa. Desturi za nje malipo ya opsheni huwa kama sehemu ya kumi ya bei ya ununuzi, na bei ya ununuzi asilimia mbili tatu ya bajeti. Kwa hesabu hiyo laki nane kwa opsheni ya mwaka mmoja sio mbaya, inamaanisha bei kamili milioni nane, unaweza kuzungumza nayo. Laki nane ikiwa ndo bei ya yote, milele, hapo ndo anawadharau. Alafu kuwe na malipo kwa kila msimu, jina la baba lionekane mwanzoni kwamba ni kutokana na kumbukumbu zake, msome skripti kabla, na kama ndani ya miaka mitatu tangu ununuzi hamna kilichoshutiwa haki irudi kwenu bila kudaiwa kitu. Wakikupa "asilimia ya faida" iandikwe faida inahesabiwaje, la sivyo chukua hela taslimu. Wakili asome kabla hujasaini, hata wa saa moja tu.

Na usikope wewe kwa ajili ya filamu. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo kwa kazi za sanaa, huyo prodyuza aende yeye, biashara ni yake.

Leo mtumie ujumbe hivi, nimekuandikia kabisa: "Kaka, asante kwa kuipenda kazi ya marehemu baba. Familia tuko kwenye taratibu za mirathi, hatuwezi kusaini chochote mpaka msimamizi athibitishwe. Haki zote hatuuzi. Tuko tayari kuzungumza opsheni ya miezi 12 kwa series pekee, kwa laki nane uliyotaja, na bei ya ununuzi iandikwe humo humo. Tunaomba ututumie kazi zako tatu zilizoonyeshwa na makisio ya bajeti." Akijibu na hivyo vitu, nitumie tuvisome pamoja. Asipojibu, endelea na kuskani, na uwapigie ndugu zako kuhusu kikao.